Juneteenth haikutokana na habari kuchelewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Kila ikikaribia Juni 19, maelezo ni yaleyale kuhusu Juneteenth, sikukuu ya Wamarekani weusi: eti Rais Abraham Lincoln aliwaacha huru watumwa, ila wale wa Texas walikaa zaidi ya miaka miwili bila kujua kwa sababu habari zilichelewa kufika. Hadithi tamu, na haina mkosaji.

Tangazo la Lincoln la kuwaacha huru watumwa wa majimbo ya kusini yaliyoasi lilianza kutumika Januari 1, 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mabwana wa Texas walilijua, na magazeti ya huko yaliliandika. Kilichokosekana ni askari wa kulisimamia. Texas ilikuwa ya waasi na vita havikuifika sana, hivyo wenye watumwa wa Louisiana na kwingineko waliwaswaga maelfu ya watu hadi huko ili jeshi la Muungano, yaani la serikali ya Lincoln, lisiwapate. Sasa mtu anayekimbiza watumwa wake kwa kuogopa tangazo, tuseme hakulisikia? Jenerali Lee, kamanda wa waasi, alisalimu amri Aprili 9, 1865, na pamba ya Texas ikaendelea kulimwa kwa viboko. Hadi Juni 19, Jenerali Gordon Granger wa Muungano alipokuwa Galveston, mji wa Texas, na wanajeshi wake, ndipo ilipotoka Amri Na. 3 iliyotamka kwamba watumwa wote ni huru. Huko Texas walikuwa kama 250,000.

Wengi huishia hapo, lakini amri hiyo ina mkia. Iliwashauri walioachwa huru watulie walipo, wawafanyie kazi mabwana walewale kwa ujira, na ikawaonya kuwa hawataruhusiwa kukusanyika kwenye kambi za jeshi wala kulishwa wakikaa bure. Watu waliotumikishwa bila malipo tangu utotoni wanaonywa wasiwe wavivu! Na wako mabwana waliosubiri kwanza mavuno yaishe ndipo wakawaambia watu wao.

Kentucky na Delaware nazo, kwa kuwa hazikuasi, hazikuguswa kabisa na tangazo la Lincoln. Utumwa uliendelea huko hadi Desemba 1865, yalipopita Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyopiga marufuku utumwa nchi nzima.

Sikukuu yenyewe waliianzisha waliokuwa watumwa, mwaka 1866, kwa ibada, chakula na kusomewa tangazo. Huko Houston hawakuwa na uwanja wao, wakachangishana dola 800 na mwaka 1872 wakanunua ekari 10. Uwanja huo, Emancipation Park, upo mpaka leo. Texas iliifanya siku hiyo kuwa mapumziko ya jimbo mwaka 1980; serikali ya Marekani ilingoja hadi 2021.

Ombi langu ni dogo. Juni ijayo, badala ya picha ya Lincoln, tuwekeeni ya Jack Yates, mchungaji aliyezaliwa mtumwa, mmoja wa walioongoza ununuzi wa uwanja ule.

Mwalimu wa historia,
Tanga