Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: ukifika Washington, dai mgao wetu

Mheshimiwa Waziri,

Kabla hujapanda ndege kwenda kwenye vikao vya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) na Benki ya Dunia, pokea ombi hili kutoka Lubumbashi. Mikopo na nidhamu ya bajeti mtavizungumza, hilo najua. Mimi nataka udai mgao wetu, yaani kota ya Kongo ndani ya IMF, lile fungu linaloamua nchi ina kura ngapi na inagawiwa kiasi gani.

Agosti 2021, corona ikiwa bado imetubana, shirika hilo liligawa haki maalumu za fedha (SDR), akiba ambayo nchi inaweza kuibadilisha kuwa dola au pesa nyingine kubwa, zenye thamani ya dola bilioni 650. Hawakuangalia nani ana shida. Kila nchi ilipokea kwa kadiri ya kota yake: Kongo kama bilioni 1.5, Ubelgiji, yenye watu milioni 11 na ushei, mara 6 yetu. Ndiyo, Ubelgiji ileile iliyotutawala. Ujerumani peke yake ilipata kuliko Afrika nzima.

Watakwambia kanuni ndiyo hiyo, pato la taifa ni nusu ya hesabu. Sawa. Basi waje wasimame barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, waone malori yalivyopanga foleni na shaba, na magunia ya kobalti ambayo bado haijasafishwa. Thamani yake kubwa inahesabiwa ng'ambo, kwenye pato la wengine. Tunapunjwa kwenye madini, kisha tunapunjwa tena kwenye kota.

Desemba 2023 walikubali kuongeza kota kwa asilimia 50, wote kwa uwiano uleule, kwa hiyo tukabaki palepale. Kubadilisha kota kunataka asilimia 85 ya kura, na Marekani pekee inashika zaidi ya 16. Peke yetu hatuwezi. Lakini tangu Novemba 2024 Afrika kusini mwa Sahara ina kiti cha tatu kwenye bodi ya IMF. Kisiwe cha kupigia picha.

Huku kwetu Lubumbashi, mtaa unaoitwa Kenya, mama muuza unga anakataa noti ya dola iliyochanika kidogo pembeni, maana kambisti, mbadilisha pesa, naye ataikataa. Tunaishi kwa pesa ya wengine kiasi hicho, halafu sauti yetu kule haisikiki!

Na watakuuliza zile SDR za 2021 zilifanya nini. Sehemu iliingia kwenye mpango wa maendeleo wa maeneo 145. Tuchapishie hesabu kabla ya safari, na kwa Kiswahili pia: shule ipi imekwisha, kituo kipi cha afya kingali kuta bila mabati, nani alilipwa.

Mwananchi wa Lubumbashi