Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya: hawa wahudumu wapya nani anawafundisha?

Shikamoo Dokta,

Natumaini u mzima na familia haijambo. Nilitaka barua hii niipitishe kwa mfawidhi, msimamizi wa zahanati yetu, kama utaratibu unavyosema, ila ile ya mwaka jana ilipita hukohuko na mpaka leo sijui imelala kwenye faili gani, kwahiyo nimeona niandike hapa ambapo kila mtu anasoma. Kwa hilo utanisamehe.

Wiki iliyopita binti mmoja, mhudumu mpya, atendanti kama mimi, hata mwezi hajamaliza kazini, kachomwa na sindano. Na wala hakuchomwa akiwa na mgonjwa, alikuwa anashindilia sefti boksi, lile boksi la kutupia sindano zilizotumika, kwa mkono ili zingine ziingie. Sefti boksi ikifika robo tatu inafungwa inaenda kuchomwa moto, mstari umechorwa ubavuni kwenye boksi lenyewe, lakini nani alimwambia? Siku ya kwanza aliambiwa ndoo zile pale, mopu ile pale, ukikwama muulize dada yako. Dada yake ndo mimi, na usiku ule dada yake alikuwa leba.

Akanyamaza. Aliogopa atafokewa au mkataba utavunjwa, akaja kunambia kesho yake jioni huku analia. Sasa Dokta wewe unajua kuliko mimi, dawa za kinga ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya masaa mawili ikiwezekana, na yakipita 72 ndo basi tena. Pale kwetu hazikuwepo, mfawidhi yuko semina, simu haipatikani, tukapanda boda kwa hela yetu mpaka kituo cha afya. Ameanza dozi, siku 28, anatapika kila asubuhi na zamu anaingia. Homa ya ini B ndo usiniulize kabisa, chanjo ipo, ni dozi tatu, na hakuna atendanti hata mmoja pale kwetu amewahi kuitwa achanjwe.

Dokta uliahidi mwenyewe. Siku tunasaini mikataba ulisimama ukumbini ukasema hakuna mhudumu atakayeingia wodini kabla ya mafunzo elekezi, tukapiga makofi, mimi nilipiga kwa nguvu zote. Soda zilikuwa za baridi siku ile, nakumbuka. Afisa utumishi akaongezea "ndani ya mwezi mmoja". Sijui ni mwezi wa kalenda gani.

Maana kwenye karatasi sisi kazi yetu ni usafi. Sawa. Ila njoo usiku bila kupiga simu kwanza. Atendanti anapima watoto uzito, anasafisha vidonda, anaosha vifaa vya leba, anafua mashuka yenye damu, anapeleka kondo shimoni, na nesi akiwa mmoja halafu wajawazito wawili wakafika kwa pamoja unajua wa pili anashikwa na nani. Mimi nimeshadaka mtoto peke yangu kwa mwanga wa simu, sijawahi kufundishwa hata namna ya kumfuta na kumpa joto. Alilia, namshukuru Mungu. Asingelia leo mngekuwa mnaniuliza nani alikuruhusu.

Kidogo ninachojua nilifundishwa na mama mmoja atendanti wa zamani, ameshastaafu. Yeye ndo alinambia jiki ya asilimia 3.5 unachukua kopo moja unaweka makopo sita ya maji ndo unapata 0.5 ya kuua wadudu. Alipoondoka hakuna mwingine aliyeelekeza, juzi nimemkuta mmoja wa hawa wapya anachanganya kwa kunusa, harufu ikimkaba basi anasema imekolea! Ndoo za taka ndo hizo, nyeusi ya taka za kawaida, njano ya zenye maambukizi, nyekundu ya kondo na vya hatari zaidi, sisi tunazo tatu zote za bluu za sokoni. Yani hata ukimfundisha mtu atatupa wapi.

Na hatuko mbali na yaliyotokea Kagera. Mwaka 2023 Marburg, ugonjwa wa virusi unaoua unaofanana na Ebola, ilipoingia Bukoba vijijini wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa, na mmoja alikufa. Januari 2025 ikarudi Biharamulo. Muda ule Dokta tuliwaona! Magari yalikuja, tukafundishwa kunawa, kuvaa na kuvua, mpaka picha tukapigwa. Machi ikatangazwa imeisha na mafunzo nayo yakaisha siku hiyohiyo, wakati hawa wapya wamekuja baada ya hapo na hawajaona hata glovu inavuliwaje.

Halafu tunasikia kwenye redio wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mpango uliozinduliwa Januari 2024 na Makamu wa Rais wa wakati ule, Philip Mpango, watu 137,294 kwa miaka mitano na kila mmoja anasoma miezi sita. Ni jambo zuri, mdogo wangu kaomba. Siwaonei wivu. Nauliza tu, anayepita nyumba kwa nyumba miezi sita, anayeshika damu usiku wa manane hata masaa sita hapewi?

Sijui hela inakwama wapi. Wengine wanasema fedha za basiketi, zile za mfuko wa pamoja wa wafadhili wa afya, hazina kifungu chetu, wengine wanasema mafunzo yapo kila robo ila wanaenda walewale kwa sababu ya posho. Mimi nahisi huko juu mnatuhesabu kama wafagizi tu, na mfagizi anafundishwa nini.

Sijaandika kudai mshahara, ingawa wa mwezi uliopita bado. Gambuti nimejinunulia, yaishe. Naomba wiki moja tu Dokta, wiki moja kwa kila mhudumu mpya kabla hajashika kitu. Hoteli hatutaki, begi lenye nembo hatutaki, posho mkitaka kaeni nayo. Nesi mmoja mwenye moyo, chumba cha kliniki ya watoto mchana kikiwa tupu, awafundishe kunawa, glovu, sindano, jiki, kumbeba mgonjwa bila kuua mgongo, kupima joto na presha, na dalili zipi ukiziona unakimbia kumwamsha nesi. Na hiyo chanjo ya ini.

Tumesikia wapya wengine wanaripoti mwezi ujao. Wiki hiyo iwe kabla yao. Tutajie tarehe, Dokta, na safari hii iwe kwa maandishi.

Wako mtiifu,
Mhudumu wa afya, zahanati ya pembezoni

Nakala: Afisa utumishi, kwa kumbukumbu ya "ndani ya mwezi mmoja"