Bwana Hana Ritifaa

Mhariri,

Makala yenu ya ukurasa wa utamaduni kuhusu mashujaa wa katuni wenye nguvu za wanyama niliisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Mnisamehe, nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja na mkono umezoea. Neno la kwanza kulizungushia duara lilikuwa "B'wana". Mmelichapa hivyo hivyo kama lilivyo kwenye jina la shujaa B'wana Beast, bila kumwambia msomaji lolote. Ritifaa, ile alama ndogo (') inayoning'inia juu, kwetu ni ya ng'ombe, ng'ambo na ndugu zao. Bwana hana ritifaa, na hajawahi kuwa nayo.

Mwandishi wenu amempita huyu B'wana Beast kwa sentensi moja tu, awahi kufika kwa shujaa mwingine, Animal Man. Mimi naishi Moshi, siwezi kumpita. Alizaliwa katika gazeti la katuni la Showcase, toleo namba 66 la Januari 1967, kwa kalamu ya Bob Haney na michoro ya Mike Sekowsky. Ni Mzungu wa Marekani aitwaye Mike Maxwell. Anakwama juu ya Kilimanjaro, anajificha pangoni, anakunywa maji ya humo, na nguvu zinamwingia. Kisha anapata kofia ya kuwaamrisha wanyama, na uwezo wa kuwaunganisha wawili wakawa mnyama mmoja wa kutisha. Rafiki yake ni sokwe mkubwa mwenye manyoya mekundu, jina lake Djuba.

Sokwe, Kilimanjaro! Mlima huu una mbega, una minde, una tembo. Sokwe wetu wa Tanzania wako Gombe na Mahale, huko Ziwa Tanganyika, na sijasikia aliyepanda basi kuja Marangu. Ukitaka mnyama wa ajabu wa mlima huu, yupo yule chui aliyekutwa ameganda karibu na kilele, ambaye mchungaji Richard Reusch alimwona mwaka 1926. Hadi leo hakuna anayejua kwa hakika alifuata nini kule juu kwenye barafu. Hiyo ni hadithi tayari, na hakuna aliyehitaji kumvika mtu kofia.

Lakini kosa la sokwe ni dogo. Linaloniudhi ni mazoea yenyewe ya usimuliaji, ambayo makala yenu imeyapokea kama kitu cha kawaida: mlima wa Afrika ni ghala la nguvu, mgeni anapanda mikono mitupu na kushuka amejaa, na wanyama wapo wakisubiri kuamrishwa. Jina lenyewe limekamilisha kazi. Anaitwa bwana kwa lugha ya watu wasiokuwa na lao la kusema katika kisa chao, na hata neno hilo limetiwa ritifaa ili lisikike la porini.

Sasa nije kwa Animal Man, maana hapo mwandishi wenu ameona vizuri, ila hakuona yote. Buddy Baker, ndiye huyo Animal Man, ni mzee kumpita mwenzake: Dave Wood na Carmine Infantino walimtoa mwaka 1965 katika Strange Adventures namba 180. Chombo cha kutoka anga za mbali kinalipuka karibu naye, na tangu hapo anaweza kuazima uwezo wa mnyama aliye jirani. Alikuwa shujaa wa daraja la tatu, karibu asahauliwe, mpaka mwaka 1988 kampuni ya katuni ya DC ilipompa Grant Morrison wa Scotland amwandike upya. Morrison aliandika matoleo 26, mengi yakichorwa na Chas Truog, na katika yale manne ya kwanza nani anatua San Diego? Huyo huyo wa Kilimanjaro, akimtafuta Djuba aliyetekwa na kupelekwa maabara kufanyiwa majaribio. Mtu aliyezoea kuwaamrisha wanyama anafika mahali ambapo wanyama wamefungwa, wanachomwa sindano, na amri yake haina kazi. Mwaka 1989, katika toleo namba 13, kisa kinahamia Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Huko Maxwell anamwachia nguvu zake Mwafrika, Dominic Mndawe, ambaye analitupa jina la kale na kujiita Freedom Beast. Miaka 22 ilipita kabla bwana hajaondoka, na ritifaa ikaondoka naye. Haya ndiyo yaliyostahili aya nzima gazetini mwenu.

Badala yake aya tatu zimeshangilia zile kurasa ambazo Buddy anatambua kuwa yumo ndani ya katuni. Sikatai kwamba ni kurasa nzuri. Katika toleo namba 19 anageuka, anatazama nje ya fremu na kumwona msomaji. Mke wake na watoto wake wawili wanauawa, na katika toleo la 26 anafika kwa Morrison mwenyewe, aliyejiandika ndani ya kisa, anayemweleza kwamba kila alilotenda liliandikwa na mtu mwingine. Mimi nalipenda zaidi toleo namba 5. Koyote (mnyama wa Amerika anayefanana na mbweha) wa katuni, wa aina ile inayopondwa na mawe na kuinuka tena, amemwomba muumba wake akomeshe ukatili katika ulimwengu wa wanyama wenzake. Jibu analopewa ni kutumwa katika ulimwengu wa Buddy, afe na kufufuka, afe na kufufuka. Anampa Buddy karatasi yenye habari zake zote, na Buddy haoni humo ila mikwaruzo. Mwisho koyote amelala njia panda mikono imetandazwa, na brashi ya mchoraji inatokea juu kuipaka damu yake rangi nyekundu. Niliufunga ukurasa huo nikakaa kimya.

Ila msituambie kwamba hilo ni jambo ambalo hadithi zilikuwa hazijawahi kulifanya. Mimi ni mtoto wa Tanga. Bibi akisema "Paukwa", sisi "Pakawa". Akisema "Hadithi, hadithi", tunaitikia: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Tunaukaribisha uongo mlangoni kwa jina lake halisi, tena tunauombea ukolee. Hakuna mtoto aliyedhani kwamba Sungura anajiendesha mwenyewe. Aliyekuwa akimwendesha ameketi pale kwenye mkeka, anatafuna tambuu. Usiku mmoja bibi alimwua Sungura. Tuligoma kulala, mdogo wangu akalia hadi akapaliwa. Bibi akasema, basi kesho mpukuchue debe la mahindi, tutaona. Tulipukuchua. Usiku uliofuata tukaambiwa Sungura alikuwa amejifanya kufa ili Fisi amwache. Morrison naye, kabla ya kuaga, anamrudishia Buddy mkewe na watoto. Yeye hakupukuchuliwa mahindi, lakini ni mapatano yale yale: aliyeua anaweza kufufua, na wote waliopo wanajua ni nani.

Ninachotaka kusema ni kwamba mazoea ya katuni hizi ni kumficha msimulizi. Fremu zimefungwa, maneno yako ndani ya viputo, shujaa anapigana kama vile hakuna mtu aliyeshika kalamu. Ndiyo maana Morrison alipotoa kichwa nje ya fremu wasomaji wake walishtuka. Sisi tulianzia huko nje. Kijana anayechora leo Dar es Salaam au Mombasa akiiga fremu iliyofungwa, kisha baadaye aige na namna ya kuivunja, atakuwa amezunguka kisima kizima kutafuta kata iliyokuwa mkononi mwake.

Na hizo nguvu za wanyama nazo. Buddy anaazima mabawa ya tai na hamuulizi tai, wala tai hadai kitu. Mlinganishe na kisa cha Sultani Darai, ambacho mmisionari Mwingereza Edward Steere alikichapisha mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine alizozipata Unguja. Maskini anapekua jalala akitafuta punje za mtama, anaokota thumuni, ananunua paa. Huyo paa anasema, ana mipango, ana maneno matamu kuliko mwakilishi wa bima. Anamposea bwana wake binti wa sultani, anamwua nyoka mwenye vichwa saba na kumpatia nyumba ya yule nyoka. Nguvu zote za bwana ni za paa. Kisha paa anaugua, na bwana, ambaye sasa amenenepa, anaagiza apewe uji wa mtama hafifu. Paa anakufa, maiti yake inatupwa kisimani. Bwana analala, na anapoamka yuko jalalani, anapekua.

Hapo mwenye nguvu ni mnyama, na binadamu ndiye mdeni. Naona hilo linafaa kuchorwa kuliko suti ya kubana yenye herufi kifuani. Morrison alilikaribia alipompeleka Buddy Visiwa vya Faroe katika toleo la 15, kwenye mauaji ya pomboo. Lakini hata pale pomboo hadai deni lake kwa kinywa chake kama paa angeweza kulidai.

Mmetangaza kwamba mtaanza kuchapa kurasa za wachoraji chipukizi kila Jumapili. Vizuri sana. Nitanunua nakala mbili, moja ya wajukuu waichanechane. Ombi langu kwa wahariri wa ukurasa huo ni dogo: mkilazimika kulitaja tena jina la yule bwana wa mlimani kwetu, liwekeni ndani ya alama za nukuu pamoja na ritifaa yake, na pembeni mwambieni msomaji kwamba tahajia hiyo haikutoka Moshi.

Mwalimu mstaafu,
Moshi