Kwa mdogo wangu wa Jeddah: safari hii filta utaitoa

Mdogo wangu,

Swali lako limenifikia kwa mlango wa nyuma. Umemwuliza dada, naye kaniuliza kana kwamba yeye ndiye anayetaka kupiga picha jua likipatwa tarehe 2 Agosti 2027. Dada huyu huyu ambaye akipiga picha harusini vichwa vyote hukatika. Haya. Nakujibu hadharani, maana hadharani ndiko nilikokukemea.

La kwanza litakuchekesha au litakuudhi: huko Jeddah, filta utaitoa. Ndiyo, kosa lile lile nililokukemea kule Rujewa, Mbeya. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kipete. Mwezi ulikuwa mbali, umbo lake halikutosha kulifunika jua, ukabaki ukingo wa kama asilimia 5. Unaona ni kidogo? Jua zima linang'aa kama mara 400,000 ya mwezi mpevu, kwa hiyo ule ukingo peke yake ulikuwa bado mara 20,000. Jeddah mwezi utaliziba jua lote kwa dakika 6 hivi, na itakayobaki ni korona, yaani utando hafifu unaolizunguka jua, ambao mwanga wake wote ni kama wa mwezi mpevu tu. Ukiiacha filta inayopitisha sehemu moja kati ya 100,000, utarudi nyumbani na picha nyeusi tii. Nami nakujua: utaiacha kwa ukaidi, ili uje kuniambia "si ulisema isitolewe?"

Nunua karatasi ya filta ya jua iliyoandikwa OD 5, yaani ile ya moja kati ya 100,000. Ipo pia ya 3.8 inayopitisha mwanga zaidi, hiyo ni ya kamera tu, jicho lisiikaribie. Kata manila, ikunje iwe mkebe unaovaa mdomo wa lenzi, gundisha karatasi bila kuivuta. Ikikaa na mikunjo midogo haidhuru. Mkebe ukaze kiasi cha kutopeperushwa na upepo, ila utoke kwa vidole viwili. Ukitoka kwa kuvutwa utasogeza fokasi, na hutakuwa na muda wa kuitafuta tena. Kabla ya kuutumia, umulike kwa taa: ukiona kitundu hata cha sindano, tupa. Filta inakaa mbele ya lenzi, kamwe si nyuma. Picha za eksirei, sidii na kioo cha moshi waachie majirani, na uwakataze.

Lenzi ya milimita 400 inatosha, maana jua litakuwa duara la kama milimita 3.7 ndani ya kamera na korona itapata nafasi ya kutanda pembeni. Weka kila kitu kwa mkono. Ukiiachia kamera ijipimie mwanga, itaona anga jeusi na kuliunguza jua. Ukiwa na filta anza na ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), sekunde 1/1000, na ujaribu siku yoyote kabla, kwa sababu jua la Jumanne ni lile lile la siku ya kupatwa. Likibaki mwezi mwembamba, punguza kasi hatua moja au mbili, yaani muda uwe mara mbili au nne, kwani ukingo wa jua una giza kuliko katikati. Fokasi itafute kwenye skrini ya nyuma, ukuze picha hadi doa la jua au ukingo ukate vizuri, kisha bandika selotepu. Ila joto huihamisha, kwa hiyo ikague tena dakika kumi kabla.

Sekunde 15 kabla ya giza, toa mkebe. Wakati huo macho yawe kwenye skrini, si kwenye kitundu cha kutazamia. Miali myekundu ya ukingoni inataka sekunde 1/800. Korona ya karibu 1/50, ya kati 1/12, ya mbali 1/3. Rudia mfululizo huo kwa waya wa kubonyezea, usiguse kamera. Jua husogea upana wake mzima kila dakika mbili, kwa hiyo liweke upande linakotoka na liache lipite. Mwanga ukirudi kama tone la kito, mkebe urudi papo hapo.

Kitakachokutesa kuliko vyote ni stendi. Saa saba na ushee mchana, Agosti, jua la huko litakuwa karibu utosini. Stendi nyingi hazigeuki kiasi hicho. Lenzi itagonga mguu au kichwa kitateleza kwa uzito. Jaribu nyumbani, ning'iniza mfuko wa mchanga chini yake, na uhakikishe skrini yako inakunjuka, la sivyo utalala chali kwenye lami ya moto. Kamera ifunike kitambaa cheupe hadi saa ya kazi.

Sasa la Rujewa. Dada anasema ningeweza kukwambia taratibu. Taratibu ipi? Ulishatoa filta, lenzi ya milimita 300 yenye mdomo wa sentimita 5 imeelekea juani, nawe umeinama kuweka jicho kwenye kitundu cha kamera ya kioo, ile ambayo kioo chake huleta mwanga wa lenzi moja kwa moja jichoni. Hiyo inakusanya jua mara 300 na zaidi. Mapazia ya shata, yale yanayofungua na kufunga mwanga ndani ya kamera, hutoboka, lakini pazia hununuliwa. Nikafunika lenzi kwa kiganja, stendi ikaanguka, na nikakuita mjinga mbele ya mama mkwe wako.

Kiganja sikijutii. Neno lile lingeweza kusubiri. Ingawa na wewe, nilikuwa nimekueleza usiku kucha tofauti ya kipete na kikamilifu, ukawa unacheka na simu.

Mama yule, Mungu amrehemu, hakutugeukia. Alikuwa anaangalia mapaja yake. Mwanga uliopenya majani ya mwembe ulikuwa unaangukia kanga yake, kila kitundu kikichora pete yake, mamia ya pete ndogo zikitetemeka kila upepo ulipopita. Picha ya namna hiyo haitaki filta wala stendi: simu tu, ukishusha mwanga kidogo ili pete zisiungue, na kitambaa kisicho na maua mengi.

Nilipiga moja. Pete zimetoka safi. Wewe umo pembeni, unaokota miguu ya stendi. Sikuwahi kukutumia, nikidhani utaona nakusimanga. Nitumie namba yako ya sasa, si kupitia kwa dada.