Altezza yangu haina kosa, tupeni mita mia mbili za lami

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi pole na kazi. Wiki iliyopita mlichapisha barua ya msomaji mmoja mkazi wa Area C hapa Dodoma analalamika kwamba usiku hawalali sababu ya vijana wa magari ya kupiga kelele, na mwisho akapendekeza eti magari ya namna hiyo yapigwe marufuku kuingia mjini. Mi ninayo gari ya namna hiyo. Na silali kama yeye tu, maana nakaa Ilazo na kelele zinafika mpaka kwetu, kwa hiyo namjibu nikiwa nakubaliana nae nusu.

Gari yangu ni Toyota Altezza, ile RS200 ya gia sita za mkono. Nasema "ile" kwa sababu Altezza nyingi ninazopishana nazo ni AS200 za silinda sita, tena otomatiki, halafu vijiweni watu wanabishana kwamba ya silinda sita lazima iwe na nguvu kuliko ya nne. Kumbe kinyume chake, ile ya sita ilitoka kiwandani na farasi 160 na hii yangu ya nne ilitoka na 210. Injini yake Toyota waliitengeneza wakisaidiana na Yamaha, wale wa pikipiki, na tabia za pikipiki kweli inazo, huku chini hamna kitu, imetulia kama gari ya mchungaji, ukiivusha mizunguko 6000 kwa dakika inaamka mpaka unajiuliza kama ni injini ileile uliyowasha nyumbani. Farasi zote 210 zinakuja kwenye mizunguko 7600 kwa dakika, na hata ule mvuto mkubwa wenyewe unakuja 6400. Mwenye Toyota IST hapo injini yake ishaomba msamaha zamani.

Sasa ichukue gari hiyo uilete Dodoma. Hapa tupo zaidi ya mita 1100 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, na injini isiyo na tabo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, inavuta hewa hiyohiyo tunayovuta sisi, kwa hiyo kama sehemu moja ya kumi ya nguvu tumeiacha Dar. Mtu akihamia na gari yake kutoka Dar anasema petroli ya huku imechakachuliwa, gari imekuwa nzito, wakati shida ni mlima tulioupanda wote bila kuuona. Wenye Subaru za tabo hawaumii sana maana tabo inawasukumia hewa, na wanajisifu mno kwa hilo, waache wajisifu.

Ndo hapo kelele za msomaji wa Area C zinapoanzia. Kijana anafika mataa saa sita usiku, barabara nyeupe, rafiki zake wapo gari ya pembeni. Taa ikiwa kijani anaachia klachi na mizunguko 2000 kama anavyoondosha gari ya baba yake, gari inalala, inakohoa, inataka kuzima, watu wanacheka. Mataa ya pili anaona bora ajikomboe, anapiga resi mpaka 7000 afu anauchomoa mguu kwenye klachi ghafla, matairi ya nyuma yanazunguka palepale, moshi, makelele, mtu Area C anaruka kitandani, na gari yenyewe imesogea mita tano. Na heri matairi yateleze, maana yakishika ule mshtuko wote unaenda kupiga propela shafti na difu, vile vyuma vinavyopeleka nguvu matairi ya nyuma, na ukiona gari inarukaruka nyuma kama mbuzi ujue kuna chuma kule kinaomba kukatika.

Mi kuiondosha gari nilifundishwa na mzee mmoja fundi, kwenye yadi ya malori Kizota, Jumapili hamna mtu. Klachi mpaka mwisho, gia ya kwanza, shika mizunguko kwenye 4500, kwa huku kwetu hata 5000, kisha inua mguu mpaka pale klachi inapoanza kushika, utaisikia gari inataka kwenda, hapo usiwe na haraka, iache iteleze kidogo kama nusu sekunde, ndo umalizie kuachia huku mguu wa kulia unafuata, na matairi yakianza kulia unapunguza mafuta kidogo sana kama mtu anayepapasa yai. Ikitoka vizuri inalia kidogo tu ikaenda, wala haina maonyesho. Nilifanya mara nne, ya tano akanikatalia, akaniambia shuka unuse. Nikanusa. Harufu ya breki za fuso linaloshuka mlima Kitonga. Akasema ndo klachi yako hiyo, ipumzishe, na kila ukirudia ujue umeipunguzia kilomita zake za mbele.

Sikusikia. Nilikuwa sijamaliza hata miezi miwili na ile gari nikaanza kuona nikikanyaga mafuta kwenye gia ya nne mshale wa mizunguko unapanda, ule wa spidi umekaa. Klachi pleti imekwisha. Gia boksi ikashushwa, siku nzima, laki sita zikaondoka, na fundi (mwingine, si yule mzee, na simtaji) akanifungia rilizi beringi feki, ile beringi inayosukuma klachi ukikanyaga, ambayo baada ya wiki tatu ikaanza kulia kama panya kwenye gunia, gia boksi ikashuka tena. Tangu hapo kwenye foleni naweka gari huru na mguu natoa kabisa kwenye klachi. Wakati wa Bunge la bajeti, misafara inapita na sisi tumesimama, ukiangalia pembeni unaona watu wameshikilia gari kwa klachi kwenye kamwinuko dakika nzima, basi roho inaniuma utafikiri zinakatwa pesa zangu.

Maana hii gari mimi naenda nayo kazini kila siku, Mhariri. Ilazo mpaka mji wa serikali Mtumba na kurudi. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba si unajua baridi ya hapa na ule upepo, nawasha naondoka taratibu, sivuki mizunguko 3000 mpaka nipite Nanenane, kwa sababu mshale wa joto la maji unawahi kupanda wakati oili bado nzito, na injini ya kupanda mizunguko mingi ukiipiga ikiwa baridi unaisaga mwenyewe. Kila nikijaza mafuta naangalia na oili, inakunywa kidogo, ndo zilivyo. Chujio la hewa nalipuliza mara kwa mara kwa vumbi hili letu. Petroli inakwenda kama kilomita tisa kwa lita na bei ikibadilika ile Jumatano ya kwanza ya mwezi nakuwa wa kwanza kuhesabu. Matuta nayapita kwa kukata upande, tairi moja moja, na kuna tuta moja mtaani kwetu halina rangi wala kibao ambalo limeshanilia bampa, ila hilo nitaliandikia barua yake. Mama yangu nampeleka nayo soko la Majengo, anasema gari inalala chini mno, kushuka mpaka umuombe Mungu, lakini kwenye kupangua gia anatingisha kichwa anaridhika, anasema nakumbusha madereva wa mabasi ya zamani ya Singida.

Nirudi kwenye hoja ya mwenzangu. Nilikaa nikapiga hesabu za gia na ukubwa wa tairi. Altezza hii ukiimaliza gia ya kwanza mpaka mwisho wa mizunguko upo kwenye kilomita 50 na ushee kwa saa. Ukiimaliza ya pili unakaribia 100. Na mjini kibao kinasema 50, tochi ya trafiki ipo, faini elfu thelathini. Maana yake hii injini, ile sehemu nzuri iliyofanya mtu atoe pesa akaagiza gari Japani, ndani ya mji unaweza kuionja gia moja tu, kwa sekunde tatu nne, basi, imekwisha. Mimi wa makamo naweza kuvumilia, naenda kazini na mizunguko 3000 siku tano na siridhiki lakini navumilia. Kijana wa miaka 22 hawezi, na ukimfukuza mataa atahamia kule kwenye barabara mpya ya mzunguko wa nje, ile ya kilomita 112, pana, njia nne, na huko hatokaa kwenye gia ya pili. Hapo ndo kelele zitaisha Area C na zitahamia wodini.

Ninachoomba ni kidogo kuliko marufuku. Halmashauri ya jiji na trafiki watutengee kipande cha lami mita mia mbili, kwenye moja ya hizi barabara za viwanja vipya ambazo hazina nyumba bado, Jumapili moja kwa mwezi, saa mbili asubuhi mpaka saa nne, pafungwe kwa koni, trafiki wawili, gari la wagonjwa, mtu avae helmeti. Kuifyatua gari, yaani kuiondosha kwa nguvu kutoka kusimama, ni mambo ya mita sitini, zilizobaki ni za kusimama. Wenzetu wa rali wanafungiwa barabara za vumbi, mikoani huko watu wanatoka na watoto kuangalia, hakuna anayeona ajabu. Kiingilio tulipe sisi, hata elfu ishirini kwa gari, bado ni chini ya faini moja. Na atakayekamatwa mataa usiku baada ya hapo aandikiwe bila huruma, hapo mi mwenyewe nitakuwa upande wa Area C.

Huyo msomaji namkaribisha siti ya mbele siku hiyo ikifika, nitampitia kwake, sitopiga resi getini. Na wewe kijana wa gari nyeupe uliyejifyatua mara sita Jumamosi usiku mpaka moshi ukatoka kwenye boneti, najua asubuhi uliona harufu imeisha ukafikiri imepona. Haijapona. Jaribu gia ya nne kwenye kile kipandisho cha Chuo Kikuu, UDOM, angalia mshale, afu uanze kuweka akiba.

Wako msomaji,
Ilazo, Dodoma