Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama, wazee wetu, walimu wetu na nyie vijana wa sekondari mliojiunga mwaka huu, asalaam aleykum, Bwana Yesu asifiwe, habari za siku nyingi. Wengi hamkuweza kufika kwenye mkutano mkuu hapa Tanga kwaiyo naiweka taarifa yote hapa mwisome kwa nafasi zenu, ni ndefu kidogo ila mwaka ulikuwa na mambo.

Mnajua kazi ya chama ni kueleza sayansi kwa watu wa kawaida, na mtindo wetu wa siku zote ni kuita mtaalamu, anasimama mbele anaeleza, watu wanapiga makofi, soda, kila mtu kwake. Mwaka huu kamati ilisema tujaribu kitu kingine, kabla hatujaeleza chochote tumuulize mtu kwanza, wewe unaonaje, na umejuaje? Halafu tukae kimya tumsikilize mpaka amalize. Nawaambia kiukweli, hilo swali la pili, umejuaje, limetufundisha kuliko semina zote za nyuma, kwa sababu karibu kila dhana potofu tuliyokutana nayo ilikuwa imesimama juu ya kitu ambacho mtu amekiona kweli kwa macho yake. Hakuota, hakudanganywa na mtu, ameona nusu ya jambo na nusu iliyobaki akaijaza mwenyewe. Sasa ukija wewe na kipaza sauti ukamwambia hapana umekosea, ni kama unamwambia hakuona, na hapo hakusikilizi tena.

Shughuli kubwa ya mwaka ilikuwa kupatwa kwa mwezi, Jumapili tarehe 7 Septemba. Tulikusanyika Raskazone, ufukweni hapa Tanga, kabla ya magharibi, kivuli kikaanza kuuma mwezi saa 1 na nusu hivi usiku, na kuanzia saa 2 na nusu mpaka karibu saa 4 kasoro dakika 8 mwezi wote ulikuwa ndani ya kivuli, mwekundu kama shaba, mawingu yakija yakiondoka na watu wakipiga kelele kila yakiachia. Tuliuliza kabla haujaanza: kwa nini mwezi huwa unapungua na kuongezeka kila mwezi? Wengi sana, na humo wamo watu wenye digrii, wakasema ni kivuli cha dunia. Ndo jibu linalotawala kila mahali, hata mwaka 1987 waliulizwa watu 23 wa chuo cha Harvard kule Marekani, wahitimu na majoho yao na wahadhiri humo humo, waeleze majira ya mwaka au sura za mwezi, na 21 walitoa majibu yenye makosa ya aina hii hii. Kwaiyo asijidharau mtu wa Tanga.

Aliyetuokoa usiku ule ni mzee mmoja mvuvi wa Sahare. Alikuwa amekaa pembeni kimya, mwishowe akauliza, jamani, mwezi ukiandama mimi nauona magharibi, pale pale jua lilipozamia, sasa kivuli gani hicho kinachokwenda upande wa jua? Kivuli changu mimi siku zote kiko upande mwingine. Watu wote kimya. Hoja imekwisha hapo, mimi mwenyewe sijawahi kuisikia ikisemwa safi namna ile. Kivuli cha dunia kinaangukia upande usio na jua, mwezi unaweza kuingia humo pale tu unapokuwa mkabala na jua, yaani umejaa, ndo maana kupatwa kwa mwezi kunatokea katikati ya mwezi wa kiislamu na si mwanzoni wala mwishoni, na hii ya mwaka huu ilikuja siku chache tu baada ya Maulidi. Sura za kawaida za mwezi hazitokani na kivuli chochote, nusu ya mwezi inamulikwa na jua muda wote na sisi tunaiona kutoka pembeni, leo kipande kidogo, kesho kikubwa zaidi.

Halafu mzee akaendelea na bamvua. Wavuvi wanajua tangu utotoni kwamba maji yanajaa sana na kupwa sana mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na katikati ya hapo ni maji mafu, na kwamba kila siku maji yanachelewa kama dakika 50. Tukamwambia sababu yake ni hiyo hiyo mpangilio, jua na dunia na mwezi vikiwa kwenye mstari mmoja mvutano wa jua na wa mwezi unajumlika, na mwezi ukiwa nusu unavutana pembeni ndo bahari inatulia. Akasema basi hiyo ndo bahari yangu mnaniambia. Kwa maoni yangu mimi hiyo ndo elimu ya sayansi, alikuwa na data za miaka hamsini kichwani, alichokosa ni mchoro tu.

Mchoro tuliufanya kwa taa moja na mpira wa tenisi, chumba kikiwa giza, taa ndo jua, kichwa chako ndo dunia, unashika mpira juu kidogo ya kichwa kwa mkono ulionyooka unazunguka taratibu. Sura zote za mwezi unaziona mkononi mwako, ukiushusha mpira ukaingia kwenye kivuli cha kichwa chako ndo kupatwa. Watoto wakauliza mbona haupatwi kila mwezi, na jibu ni kwamba njia ya mwezi imeinama kama nyuzi 5 kwaiyo mara nyingi unapita juu au chini ya kivuli. Wekundu nao unatokana na mwanga wa jua uliopita kwenye hewa ya dunia ukapinda, rangi ya samawati inatawanywa njiani, nyekundu ndo inafika, ni mwanga wa machweo yote ya dunia kwa wakati mmoja.

Lazima niseme pia kuhusu sheikh aliyekuja baada ya swala ya kupatwa kwa mwezi, maana kuna waliokuwa na wasiwasi kwamba tunaingilia mambo ya dini. Alisimama akawakumbusha watu kwamba siku aliyofariki Ibrahim mwana wa Mtume jua lilipatwa, watu wakasema jua limepatwa kwa kifo chake, na Mtume mwenyewe, akiwa kwenye msiba wa mwanae, akawakataza, akasema jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Wamama wajawazito waliokuwa wamefungiwa ndani mtaa wa pili kwa hofu ya kupatwa kwa mwezi walitoka wakaja kuangalia. Hotuba yetu sisi isingefanya hivyo.

Jambo la pili ni majira, na hapa walimu naomba mtulie kidogo. Tulipita shule kadhaa tukiuliza kwa nini Januari na Februari Tanga ni joto na Julai ni baridi, wanafunzi wengi wakasema Januari tuko karibu na jua. Sasa shida ni kwamba kweli tuko karibu! Mwanzoni mwa Januari dunia iko kama kilomita milioni 147 kutoka kwenye jua na mwanzoni mwa Julai iko kama milioni 152. Mtoto wa Ulaya unaweza kumwambia mbona Januari kwenu ni theluji na hapo ndo mko karibu, akashtuka. Mtoto wa kwetu kila anachokiona kinamuunga mkono, kaskazi joto na jua liko karibu, kusi baridi na jua liko mbali, kwa nini aamini vingine? Vitabu vinavyotuletea mfano wa Ulaya havimgusi, hajawahi kuona theluji.

Kilichofanya kazi ni simu na fimbo. Simu kwa sababu siku hizi karibu kila familia ina ndugu nje, tukawaambia wampigie shangazi aliye Sweden Januari wamuulize hali ya hewa, na siku ni fupi kiasi gani, Stockholm mwezi wa 12 mchana una urefu wa kama masaa 6 tu. Dunia ni hiyo hiyo moja, haiwezi kuwa karibu na jua kwa Tanga halafu mbali kwa Stockholm. Fimbo ni ya mita moja imechomekwa wima uwanjani, unapima kivuli kinapokuwa kifupi kuliko vyote, na kwa Tanga siyo saa 6 kamili, kwa wastani ni kwenye saa 6 na dakika ishirini na kitu. Mwezi wa 6 kivuli kinaelekea kusini na ni kama sentimita 54. Mwezi wa 12 kinaelekea kaskazini na ni kama 33. Mapema Oktoba na mapema Machi saa hiyo kivuli hakipo, jua liko utosini. Watoto waliona wenyewe kwamba jua linahama, na kwamba likiwa upande wetu miale inatua wima na mchana unakuwa mrefu zaidi, sababu ni dunia kuinama nyuzi 23 na nusu. Na ule umbali hatukuufuta, tuliwaambia una mchango, Januari dunia yote inapata mwanga kama asilimia 7 zaidi ya Julai, ila mchango wa mwinamo ni mkubwa zaidi. Huyu mtoto hakuambiwa amekosea, ameambiwa alichokiona kipo na kina nafasi yake.

Dada yetu nesi aliongoza kikao cha mafua na antibayotiki, yaani dawa za kuua bakteria, na niliona jambo ni lile lile. Mtu anapata mafua, siku ya nne anakwenda duka la dawa ananunua zile kapsuli bila cheti, siku ya saba amepona, na hakuna wa kumwambia kwamba mafua ni ya virusi na yangeisha wiki hiyo hiyo hata angekunywa chai. Yeye amemeza akapona, ushahidi anao. Kibaya zaidi hizo dozi za nusu nusu zinalea bakteria sugu na siku akipata nimonia kweli dawa inaweza kugoma. Nesi aliwaomba watu waandike, mafua yajayo, siku yaliyoanza na siku yaliyoisha, aliyekunywa dawa na ambaye hakunywa. Kikao hiki naomba kirudiwe kila kata, nitalisimamia mwenyewe.

Vijana wa sekondari walishughulika na Mpemba, na nimefurahi kwa sababu ni mtu wa mkoa wetu kwa shule. Kwa wasiojua, mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba kule Lushoto, wakitengeneza aiskrimu, akawahi nafasi kwenye friji akaweka maziwa yakiwa bado ya moto, yake yakaganda kabla ya ya mwenzie ambayo hayakuchemshwa. Akauliza, akaambiwa umechanganyikiwa. Hakuacha. Akiwa Mkwawa, Iringa, akauliza tena, ikawa kicheko darasani, hiyo ni fizikia ya Mpemba, halafu akaja mhadhiri wa fizikia kutoka Dar, Denis Osborne, akamuuliza mbele ya wenzake, wakacheka tena, lakini Osborne alirudi akaenda kupima, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Mtu aliyeona kitu akakataa kuambiwa hajaona.

Ila sasa mitandaoni inasambazwa kwamba maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi, tena kila mara, na hilo si kweli na wala Mpemba hakusema hivyo. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima kwa uangalifu hawakuona maji ya moto yakitangulia, wakaonyesha kwamba hata kuhamisha kipimajoto kidogo kunaweza kukupa jibu la uongo. Vijana wetu walijaribu kwenye madipfriza ya majumbani na matokeo yakawa vurugu, mara moto unashinda, mara nyingi baridi inashinda, wakagundua pale moto uliposhinda kikombe kilikaa juu ya barafu ya friji kikaiyeyusha kikagusa chuma chenyewe. Wanabishana mpaka leo kwenye grupu na mimi sitaki mtu awazime.

Mambo ya ndani kwa ufupi. Hesabu atawawekea mhazini, tunaishi kwa ada na michango, darubini inahitaji kioo kisafishwe na fundi anayejua, asiguse mtu na kitambaa. Uhudhuriaji wa wanaume ni mzuri usiku na mbaya mchana, wa akina mama kinyume chake, kwaiyo mwakani tutagawa saa.

Tarehe 28 Agosti 2026 alfajiri mwezi utapatwa tena, siyo wote, kivuli kinaanza kwenye saa 11 na nusu na mwezi utazama ukiwa bado umepatwa, tutakuwa pale panapoonekana magharibi vizuri. Kazi kubwa lakini ni ya tarehe 2 Agosti 2027, jua litapatwa lote kuanzia Hispania kupita Luxor, Misri, ambako giza litazidi dakika 6, mpaka Jeddah na Makka, na ndugu zetu walioko huko wajiandae. Sisi Tanga tutaona sehemu tu, na sehemu ndo hatari zaidi maana jua halifunikwi lote hata dakika moja. Mwaka 2016 Rujewa, Mbeya, watu walikusanyika kwa wingi kuona jua lililopatwa likabaki mduara kama pete, na nakumbuka ushauri uliozunguka mitaani, filamu ya eksirei, kioo chenye moshi, beseni la maji. Vyote hivyo havikingi. Retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, haina maumivu, inaungua na wewe unaendelea kuangalia. Miwani maalum ndo salama, au geuka uangalie chini ya mwembe, tundu ndogo kati ya majani zitachora jua lililomegwa pale ardhini.

Miwani inabidi iagizwe mapema kabla bei haijapanda na bandia hazijajaa sokoni, kwaiyo tunaunda kamati ndogo sasa hivi, tunataka mwalimu mmoja kila shule, mtu wa afya, na mvuvi, na mzee wa Sahare amekubali. Majina yaende kwa katibu kabla ya mwisho wa Januari, pamoja na ada ya mwaka kwa mhazini.