Rahma, naihitaji ganuni yako

Mpenzi Rahma,

Assalamu alaykum. Huku sote wazima. Mama anakusalimu na anauliza kama ile dawa ya mgongo ilimfikia Bi Mkubwa. Habari nyingine tutapeana tukionana, leo nina jambo moja na lina haraka: nataka unipigie ganuni, ile ala yako ya nyuzi, kwenye wimbo wangu.

Mwaka wa mwisho ndio huu. Chuo kinataka nitunge nyimbo tatu, niziandikie nota, nizirekodi, kisha nizipige jukwaani mbele ya wasahihishaji. Mbili ziko tayari. Ya tatu inaninyima usingizi, maana ndiyo ninayoipenda. Inaanza hivi:

Mashua imeondoka, na tanga halijajaa

Hesabu mwenyewe: nane kwa nane, mizani 16 kamili. Khamis amenitengenezea biti tamu, besi inatembea vizuri mno, lakini kaipanga sauti iingie nusu pigo kabla ya pigo la kwanza. Basi kila kipande kikifika mwisho, pigo linaangukia silabi ya mwisho: imeondoKA, halijajaA. Unasikia, Rahma? Hakuna anayesema hivyo, hata mtoto. Nimeimba taratibu, nimeimba haraka, neno linavunjika palepale. Nikamwomba tuanze juu ya pigo la kwanza lenyewe. Silabi nane zikigawanywa kwa mapigo manne, ya saba inatua kwenye pigo la nne, na hiyo ya saba ndiyo yenye mkazo: imeoNDOka, halijaJAa. Wimbo ukanyooka hapo hapo. Katikati ya kipande sikio linasamehe mengi, lakini kwenye kina halisamehe.

Khamis bado hajakubali. Anasema siku hizi watu wanafuata biti, maneno baadaye. Darasani wengi wanatafuta melodi kwa kuimba Kiingereza chochote kinachokuja mdomoni, halafu wanashindilia Kiswahili ndani yake. Kiingereza kimejaa maneno ya silabi moja, kinamaliza mstari kwa kishindo; maneno yetu karibu yote yanashuka mwishoni. Ndiyo maana nyimbo nyingine za redioni... basi, tuliache. Wiki iliyopita mwalimu wa historia alituwekea rekodi za Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Unguja, zile za Bombay za 1928. Santuri inakwaruza, lakini nilifuata mashairi tu, nikatoka darasani nimeshika msimamo wangu barabara.

Sasa linalokuhusu wewe. Kiitikio nimekiweka kwenye Rast, ile ngazi ya sauti ya Kiarabu, na unajua sauti yake ya tatu inavyokaa katikati ya vitufe viwili vya kinanda. Kinanda cha studio hakina kitufe chake. Programu ya kurekodi inakubali kuishusha, nimejaribu, ikatoka kavu. Nataka vidole vyako, na vile vichuma vidogo unavyoviinua na kuvilaza ubavuni mwa ganuni kabla hujaanza. Nauli ya boti ni juu yangu, usibishane nami. Ukishindwa kuvuka, rekodi hukohuko kwa simu, chumba chenye zulia, feni izimwe, nami nitakutumia klika, ule mlio wa kuhesabu mapigo, uufuate. Ila nakuombea uje, kwa sababu ule mpito wa kurudi kwenye ubeti wa pili nataka tuupange tukiwa tumekaa pamoja. Na lile pigo la kwanza, ukimwambia wewe Khamis atasikia.

Baba kauliza tena nitakula nini na digrii hii. Nimemwambia nitafundisha, nitatungia filamu na matangazo. Kanyamaza, lakini jana nilimsikia bafuni akiuimba wimbo wangu wa kwanza, na mkazo kauweka mahali pake!

Ganuni iko kwako au imerudi chamani? Nyuzi zote zipo? Wiki ya mwisho ya Juni una nafasi, au harusi ya dada yako inaangukia hapohapo? Mwalimu wetu wa udi macho yake yanaendeleaje, na atakubali nimsomee beti zote kwa simu anionyeshe palipolegea? Na wewe mwenyewe, bado unatunga, au kazi ya hoteli imekumaliza? Nijibu kabla ya Ijumaa, hata mstari mmoja, niweze kuweka nafasi ya studio.

Wako akupendaye,
Zuhura